Mwimbaji Aliyekwepa Sauna

Mpaka alipofika miaka ishirini na sita, Taisto Ahvenlampi alikuwa na nywele ambazo kijiji kizima cha Kuikkaniemi kilizikubali. Zilikuwa nzito, za rangi ya mashuke ya shayiri, na mbele zilikuwa na wimbi moja lililoinuka na kulalia kushoto bila kuombwa. Jumamosi za kiangazi, akiimba kwenye banda la dansi kando ya ziwa, alikuwa na mazoea ya kutikisa kichwa ubeti ukiisha ili lile wimbi limwangukie usoni, kisha analirudisha kwa vidole viwili. Wasichana waliopanga mstari ukutani wakisubiri kuombwa kucheza walikuwa wakigongana viwiko.

Siku za kazi alikuwa fundi wa redio, na baadaye televisheni zilipoenea akawa fundi wa hizo pia. Lakini mtu akiulizwa Taisto ni nani, hakuna aliyesema ni fundi. Walisema: yule mwimbaji mwenye nywele.

Basi zikaanza kutoka. Kwanza aliziona kwenye mto wa kulalia, halafu kwenye kola ya shati, halafu kwenye sahani ya supu. Paji la uso likapanda, na nyuma utosini pakafunguka kiduara kama kifungo cha koti. Mama yake, Aune, alishangaa kuliko wote. Baba yake Taisto alikufa vitani akiwa kijana, na picha yake ilikuwa ukutani na kichwa kilichojaa nywele. Hakuishi muda wa kutosha kupata upara, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwonya mwanawe kwamba jambo hilo liko njiani.

Aune alimpaka lami ya msonobari, akanuka kama mtumbwi mpya wiki nzima. Akampaka mafuta ya taa. Mwishowe akampeleka zizini na kumwambia ainame ndama amlambe, kwa kuwa bibi yake mzaa mama alisema hiyo haijawahi kushindwa. Ndama alilamba kwa bidii, akafurahia chumvi ya jasho. Nywele hazikufurahia chochote.

Kwa muda alizifuga za upande mmoja zikawa ndefu, akazivusha juu ya kichwa na kuzilaza upande wa pili. Ndani ya nyumba ilikuwa nafuu. Lakini siku moja yeye na bendi yake walipiga muziki harusini, nje uwanjani, upepo ukatoka ziwani na kuzinyanyua zote kwa pamoja zikasimama wima.

"Taisto!" mtu mmoja alipaza sauti kutoka meza ya bia. "Funga mlango, baridi inaingia!"

Hata bibi harusi alicheka. Ensio, rafiki yake tangu shuleni ambaye ndiye aliyekuwa akipiga akodiani, aliuongeza wimbo mbio ili watu wasahau, na jioni wakati wa kupakia vyombo akamwambia, "Nyoa zote, bwana. Watu wanakuja kukusikia, hawaji kukuchana."

"Rahisi kwako kusema. Wewe una kichwa kama brashi ya viatu."

"Na tumbo kama pipa. Umewahi kuniona nimelificha?"

Majira ya baridi yale Taisto aliagiza wigi kutoka Helsinki. Lilifika posta ndani ya boksi lililoandikwa kwa nje kuwa ni vipuri vya redio, kama alivyoomba. Lilikuwa zuri, lazima isemwe. Rangi ilikaribia ile ya zamani, na wimbi lilikuwepo. Lilishikwa na utepe wa gundi mbele na pembeni, na ukilibandika vizuri ungeweza kuimba, kuinama, hata kucheza dansi. Kitu kimoja tu hukuweza. Gundi ile haikustahimili mvuke.

Hapo ndipo maisha yake yalipopinda. Bendi ilikuwa na desturi ya kuoga sauna, kibanda cha mvuke wa moto, pamoja kwa Ensio kila baada ya dansi: wanaume wanne uchi juu ya benchi, soseji ikiiva kwenye jiko, maneno ya wiki nzima yakitoka polepole pamoja na jasho. Taisto akaanza visingizio. Mara tumbo, mara homa, mara ametoka kuoga sasa hivi. Ensio alijua sababu na akanyamaza. Wengine hawakujua, nao wakafikiri mengine: kwamba amejiunga na dhehebu fulani, au ana kidonda cha aibu, au amejiona mkubwa. Jirani alimwalika, akakataa. Binamu yake alimwalika, akakataa. Mwishowe watu wakaacha kumwalika, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Jumatano alikuwa akiwasha sauna yake mwenyewe, anafunga mlango kwa komeo, analivua wigi na kuliweka juu ya mtungi, kisha anakaa peke yake akisikiliza mawe ya moto yakilia yanapomwagiwa maji. Miaka ilipita hivyo. Mama yake akafa. Yeye akapita arobaini bila mke.

Orvokki aliingia karakana ya Taisto siku ya mvua akiwa amekumbatia redio chini ya koti. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa mifupa mipana, mwenye sauti iliyozoea kushindana na kelele za sahani.

"Inakoroma," alisema akiitua mezani.

"Mumeo ameshajaribu kuifungua? Naona skrubu zimechokonolewa."

"Mume wangu yuko makaburini, karibu na ukuta wa kaskazini. Skrubu nimechokonoa mimi."

Taisto aliona haya mpaka masikioni. Orvokki alimwangalia, akacheka, akavuta stuli akaketi kusubiri. Redio ile ingetengenezeka upesi, lakini Taisto aliikawiza mpaka mvua ikakatika, na hata ilipokatika hakuna aliyesema kitu kuhusu mvua.

Majira ya kuchipua yakawakuta wakitembea pamoja. Orvokki alipenda kumsikiliza akiimba jikoni kuliko bandani. Mkono wake ukipanda kutoka shingoni kuelekea kichwani, Taisto aliushika njiani na kuubusu, naye Orvokki aliamini huo ndio upole wake. Taisto alirudi nyumbani kila mara akijisikia kama mtu aliyepita mpakani na mzigo wa magendo.

Mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, Orvokki alimpeleka kwa baba yake, Mzee Eemeli, ng'ambo ya ziwa. Mzee alikuwa na miaka karibu themanini, mkavu, mtu wa maneno machache kiasi kwamba mbwa wake alimwelewa kwa kikohozi. Walikula viazi vipya na samaki wa kukaushwa kwa moshi barazani. Moshi mwingine ulikuwa ukitoka kwenye sauna pale ufukoni, na kando ya mlango wake kulikuwa na mafungu ya matawi ya mti wa mbetula, ya kujichapia mwilini wakati wa kuoga, yaliyokatwa asubuhi ile.

Mzee Eemeli alijifuta mdomo, akasimama.

"Haya. Maji yako tayari. Wanaume kwanza."

Taisto alihisi utepe wa gundi ukimwasha kwenye paji la uso. Alikuwa amejiandaa kusema tumbo, lakini ametoka kula sahani mbili mbele ya mzee mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kusema ameoga, lakini nani anaoga kabla ya sauna ya mkesha huo? Akafungua mdomo, na neno lililokuwa karibu likatoka.

"Ni moyo, Mzee. Daktari amenikataza joto."

Mzee Eemeli alimtazama, kisha akamtazama binti yake. Orvokki alikuwa ameshika bakuli la viazi. Aliliweka mezani taratibu sana, kama kitu kinachoweza kuvunjika kwa kuangaliwa.

"Moyo," alisema Orvokki. "Hukuniambia."

"Si jambo kubwa."

"Sawa," alisema mzee. Akateremka ufukoni peke yake.

Tangu siku hiyo Orvokki alibadilika. Alimbebea spika mpaka jukwaani, akimsukuma kando mbele ya watu. Alimwondolea chumvi, akamwekea uji wa shayiri. Wakipanda kilima cha kanisa alisimama kila baada ya hatua chache akijifanya anaangalia maua. Mara nyingine Taisto akiinua macho alimkuta akimkazia macho midomoni, naye Taisto akadhani ni mapenzi, na huenda yalikuwa mapenzi, ila hakuelewa ni ya namna gani. Alipojaribu kumwambia kwamba ni mzima, Orvokki alijibu, "Ndivyo wanavyosema wote," akaendelea kukoroga uji.

Halafu, mwezi wa Agosti matunda ya msituni yalipoiva, alikuja karakana bila kikapu na bila kuketi.

"Taisto, mimi siwezi."

"Huwezi nini?"

"Wewe ni mtu mzuri. Usije tena kwangu." Akatoka, na kengele ndogo ya mlangoni ikabaki inalia.

Taisto alimaliza siku nzima akiishikilia bisibisi moja. Jioni akaenda kwa Ensio, akamsimulia yote: wigi, sauna, ule uwongo wa barazani. Ensio, ambaye alikuwa akipaka siagi kwenye mkate, aliacha kupaka.

"Ulimwambia Orvokki una ugonjwa wa moyo?"

"Nilimwambia baba yake."

"We Taisto. Unajua Paavo, mumewe, alikufa kwa nini?"

"Alianguka. Hajawahi kunieleza, na mimi sikuuliza."

"Alianguka barazani kwake akivua viatu vya theluji. Moyo. Hata arobaini hajafika. Walikuwa wamemkataza kuinua mizigo, akawa anasema si jambo kubwa, si jambo kubwa. Orvokki alitoka na kahawa akamkuta." Ensio alikiweka kisu chini. "Kijiji kizima kinajua isipokuwa wewe, kwa sababu mambo hayo yanasemwa sauna, na wewe hauko."

Taisto akayakumbuka yale macho yaliyokuwa yakimtazama midomoni, na sasa akajua yalikuwa yakitafuta nini: kama midomo imegeuka bluu, dalili ya moyo mbovu. Miezi hiyo yote yeye alikuwa akilinda kishungi cha nywele za mtu mwingine, na mwanamke anayempenda alikuwa akisubiri kumzika.

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi?" alisema Ensio. "Leo Ijumaa. Kesho mzee anawasha sauna, na binti yake humpelekea kuni."

Jumamosi Taisto aliendesha gari kuzunguka ziwa. Njiani alisimama mara mbili, mara ya pili akageuza gari kabisa, akageuza tena. Alipofika, Orvokki alikuwa uwanjani na kuni mkononi na mzee ameketi kwenye ngazi ya sauna akiwa na taulo kiunoni.

"Nimekuja kuoga," Taisto alisema.

"Umerukwa na akili?" Kuni zilimdondoka Orvokki. "Ondoka hapa! Unataka kufia mbele ya macho yangu, tena kwa baba yangu?"

"Orvokki, moyo wangu hauna kitu."

"Usinidanganye! Nimeshaambiwa maneno hayo na mtu mwingine, nikayaamini!"

"Nilidanganya siku ile. Sina ugonjwa. Sikutaka kuingia sauna kwa sababu ya hili."

Akaingiza vidole chini ya ukingo wa mbele wa wigi na kuvuta. Gundi ilikuwa mpya, ikang'ang'ania. Ikabidi avute kwa mikono miwili, machozi yakimtoka kwa maumivu, mpaka ikaachia kwa sauti kama ya plasta inayobanduliwa. Akabaki amesimama kwenye mwanga wa alasiri, upara wake mweupe kama kiazi kilichomenywa, na alama nyekundu ya utepe ikimzunguka.

Mbwa alibweka mara moja. Mzee akakohoa, mbwa akanyamaza.

Orvokki aliangalia kichwa, akaangalia wigi, akaangalia kichwa tena.

"Nywele," alisema.

"Ndiyo."

"Nywele tu."

"Ndiyo."

"Nimekuwa siwezi kulala!" Sauti yake ilipasuka. "Nimekuwa nikikusikiliza unavyohema ukipanda ngazi! Nimepima nguo yangu nyeusi kama bado inanitosha, Taisto, unasikia? Nimeitoa kabatini nikaipima!" Aliokota fungu la matawi ya mbetula kwenye ndoo na kumchapa nalo begani, maji yakaruka, akamchapa tena, na mara ya tatu mkono ukaishia hewani. Akaketi juu ya gogo la kupasulia kuni, akafunika uso kwa aproni. Mabega yalikuwa yakitikisika, na kwa muda mrefu Taisto hakujua kama ni kilio au kicheko. Vilikuwa vyote viwili, kimoja kikimpokeza mwenzake.

"Unaingia au unapoteza joto?" Mzee Eemeli aliuliza.

Ndani kulikuwa na giza la kahawia na harufu ya magome. Taisto alipanda benchi la juu, akakaa kando ya mzee. Mzee alimwaga maji juu ya mawe, na mvuke ukaja ukamshika Taisto kichwani, moja kwa moja, bila kitu katikati, ukateremka shingoni na mgongoni. Si kwamba hakuwahi kuusikia mvuke kichwani. Kila Jumatano aliusikia. Lakini hapa palikuwa na mtu wa pili. Palikuwa na bega la mwanaume mwingine linalong'aa jasho karibu na lake, na pumzi nyingine, na mtu wa kumpitishia kata ya maji. Aligundua kwamba alikuwa ameyakaza mabega kwa miaka mingi, na kwamba sasa yanashuka yenyewe.

Mzee alimwaga maji mara ya pili.

"Sikiliza," alisema. "Usije ukamdanganya binti yangu tena juu ya moyo. Juu ya nywele danganya unavyotaka."

"Sitadanganya tena, Mzee."

"Haya. Nisugue mgongo."

Orvokki hakumrudia siku hiyo. Alisema mtu aliyedanganya mara moja kuhusu moyo anaweza kudanganya mara mbili, na kwamba yeye ataamini akisikia kwa daktari mwenyewe. Basi wakaenda wote wawili mjini. Taisto alilazwa kitandani akabandikwa nyaya kifuani, Orvokki akabaki kwenye korido na mkoba magotini, wima kama mtu aliye kanisani. Na pale kitandani Taisto aliogopa kweli kwa mara ya kwanza. Akawaza: itakuwaje kama ule uwongo ulikuwa kweli muda wote? Kama nilikuwa nikijitabiria? Mashine ilichora mistari yake. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, aliivuta ile karatasi, akaisoma polepole mno.

"Nani alikwambia una ugonjwa wa moyo?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi badilisha daktari," alisema. "Moyo huu ni wa mtu anayepiga makasia kila siku."

"Tafadhali mwambie yule aliye nje. Mimi hataniamini."

Daktari alitoka akamwambia. Orvokki aliomba arudiwe, akarudiwa. Akasimama, akamshukuru, akatembea mpaka kwenye maegesho, na Taisto nyuma yake kofia mkononi. Walipofika kwenye gari aligeuka, akainua mkono, akaupeleka kutoka shingoni kwenda juu. Safari hii Taisto hakuushika. Kiganja kilipita kisogoni, kikafika utosini, kikatulia hapo. Kilikuwa cha mpishi, kigumu na cha moto.

"Kichwa chako kina vishimo," alisema.

"Kweli?"

"Viwili. Hapa na hapa. Nani alikuangusha utotoni?"

"Sijui. Mama hakuwahi kusema."

Akabaki ameuacha mkono wake pale, watu wakipita na vikapu vya soko.

Bendi ilikuwa na dansi la mwisho la msimu wiki iliyofuata. Tangazo kwenye mti wa simu bado lilikuwa na ile picha ya wimbi. Taisto alipanda jukwaani na kichwa chake kilivyo, na mama mmoja wa mstari wa mbele akamuuliza Ensio kwa sauti ya kusikika na wote, "Kwani Taisto leo haji?"

"Ndiye huyu, mama."

"Huyu si kaka yake?"

"Ndiye mwenyewe, amepumzisha nywele."

Ukumbi ukacheka, na Taisto akajisikia akicheka pia, kabla hajaamua kucheka. Kisha akaimba. Sauti ilikuwa ileile. Wengine walisema imefunguka zaidi, labda kwa sababu hakuwa tena akiimba shingo ikiwa imenyooka kama ya mtu aliyebeba mtungi. Wanandoa wachache waliondoka mapema, lakini kila mwaka huwa wanaondoka. Jasho lilipomtiririka alitoa leso akajipangusa kichwa chote kutoka mbele mpaka nyuma, mpanguso mmoja mrefu, mbele ya watu wote, na aliipenda raha yake hata akarudia.

Dansi lilipoisha walipakia akodiani na spika. Ensio alishika usukani, wale wengine wawili wakaketi nyuma, na mmoja wao akamsogezea Taisto nafasi bila kumuuliza anashukia wapi. Moshi wa sauna ya Ensio ulionekana tangu kwenye kona ya barabara.